Nyuzi Sintetiki Katika Hewa ya Ndani: Kutoka Kitambaani Hadi Mapafuni

Shati la poliesta lililovaliwa na kufuliwa kwa miaka kadhaa huwa jepesi kuliko siku liliponunuliwa. Kitambaa cha viwikoni hulainika na kuwa chembamba, pindo hufumuka, na kilichopungua hakikutoweka. Kimemeguka kidogo kidogo kikawa nyuzi fupi mno, nyingine zikaenda na maji ya kufulia, nyingine zikabaki zikielea katika hewa ya chumba alimokuwa mvaaji. Ndivyo linavyochakaa zulia linalokanyagwa, ndivyo linavyochakaa blanketi linalokung'utwa kila asubuhi, na ndivyo kinavyochakaa kitambaa cha kochi. Makala haya yanahusu nyuzi zile zinazobaki hewani, kwa kuwa mtu mzima huvuta takriban mita 10 hadi 15 za ujazo za hewa kwa siku, na sehemu kubwa ya hewa hiyo huivuta akiwa ndani ya jengo.

Mjadala kuhusu nyuzi hizi umevurugika kwa sababu maswali matatu yaliyo tofauti yamefungwa katika fundo moja. La kwanza ni kama nyuzi sintetiki, yaani zile za plastiki zinazotengenezwa viwandani kama poliesta na nailoni, zinaingia mapafuni. La pili ni kama zikishaingia zinabaki humo. La tatu ni kama zinadhuru kwa kiasi kile hasa kinachopatikana katika nyumba au ofisi ya kawaida. Anayejibu swali la kwanza kwa ndiyo, kisha akadhani amekwisha kulijibu la tatu, huwatia watu hofu isiyo na msingi. Lakini naye anayesema kwamba vumbi ni vumbi tu, na kwamba binadamu amelivuta tangu zamani, anasahau kwamba poliesta haikuwapo kabla ya mwaka 1941 wala nailoni kabla ya 1935, na kwamba leo poliesta peke yake ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Mapafu ya vizazi vilivyotangulia hayakuwahi kukutana na vitu hivi.

Tuanze na namna zinavyofika hewani. Msuguano ndio chanzo kikuu. Mkono unaposugua ubavu wakati wa kutembea, mgongo unapoegemea kiti, shuka linapotandikwa, ncha za nyuzi zilizolegea hukatika na kupeperuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na wanasayansi wa Italia na Uingereza ulionyesha kuwa vazi la poliesta linaweza kutoa hewani hadi nyuzi 400 kwa kila gramu moja ya kitambaa katika dakika 20 tu za mwendo wa kawaida, na watafiti hao walikadiria kwamba kwa mwaka mzima nguo huweza kumwaga nyuzi nyingi hewani kwa kuvaliwa kuliko zinavyomwaga majini kwa kufuliwa. Matokeo haya yalibadili mtazamo wa wengi, kwa kuwa kabla ya hapo tatizo la nyuzi sintetiki lilizungumzwa kama jambo la mito na bahari. Kisha kuna mashine za kukaushia nguo kwa hewa ya moto. Mwaka 2022 watafiti wa Hong Kong walikadiria kuwa mashine moja ya aina hiyo yenye bomba la kutolea hewa inaweza kurusha hadi nyuzi milioni 120 kwa mwaka, za sintetiki na za pamba zikiwa pamoja. Pale ambapo bomba halitoi hewa hiyo nje ya jengo, chumba chenyewe ndicho kinachoipokea.

Je, hewa ya ndani ina nyuzi ngapi? Kipimo kinachotajwa sana kilifanywa Paris na kuchapishwa mwaka 2017, katika nyumba mbili na ofisi moja. Ndani ya majengo watafiti walikuta kati ya unyuzi 1 na nyuzi 60 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Nje walikuta kati ya 0.3 na 1.5. Tofauti hiyo inaeleweka: ndani ndiko vyanzo viliko, na hewa ya ndani haichanganyiki upesi na hewa nyingi ya nje. Utafiti huohuo, hata hivyo, una jambo jingine ambalo mara nyingi huachwa unaponukuliwa, nami naliona kuwa ndilo lenye uzito zaidi. Takriban theluthi mbili ya nyuzi hizo zilikuwa za asili, hasa za selulosi kama pamba, na ni theluthi moja tu iliyokuwa na malighafi ya mafuta ya petroli, aina ya plastiki iitwayo polipropilini ikiongoza.

Kwa hiyo mtu anayevuta nyuzi ndani ya nyumba yake huvuta zaidi zile zisizo za plastiki. Hilo halimaanishi kwamba za asili hazina neno. Vumbi la pamba limewaletea wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi ugonjwa wa bisinosisi, ambao hubana kifua, hasa siku ya kwanza ya kurejea kazini baada ya mapumziko, na ambao baada ya miaka mingi huweza kuacha madhara ya kudumu katika mirija ya hewa. Uasili wa unyuzi, peke yake, haumkingi mtu. Tofauti iliyopo kati ya pamba na poliesta ni ya namna mwili unavyoweza kuishughulikia kila moja, na ili kuiona tofauti hiyo inabidi kwanza kufuata safari ya unyuzi kutoka puani hadi chini kabisa ya mapafu.

Njia ya hewa ya binadamu ni chujio lenye hatua nyingi. Nywele za pua na ute wake hunasa vitu vikubwa. Vilivyopita hapo hugonga kuta za koromeo na za mirija mikubwa, vikanaswa na ute ambao vinyweleo vidogo vya utando wa mirija husukuma juu bila kukoma, hadi mtu akohoe na kutema au ameze bila kujua. Chini zaidi viko vifuko vya hewa, ambamo oksijeni huingia katika damu. Humo hamna ute wala vinyweleo. Usafi wa sehemu hiyo umeachiwa seli walaji, ambazo huzunguka zikimeza vumbi na vijidudu.

Kinachoamua unyuzi utafika wapi ni unene wake zaidi ya urefu. Unyuzi mwembamba huwa na tabia ya kujilaza sambamba na mkondo wa hewa, kama gogo linaloteremka na mto likiwa limetanguliza ncha, hivyo unaweza kuwa mrefu sana na bado ukapita katika mirija myembamba. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika kuhesabu nyuzi zinazotiliwa mashaka kiafya mahali pa kazi, huhesabu zile zenye unene usiozidi mikromita 3, urefu unaozidi mikromita 5, na urefu ulio angalau mara tatu ya unene. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyuzi nyingi za nguo zina unene wa mikromita 10 hadi 20, yaani ni nene mno kwa kipimo hicho, na zile nzima zikivutwa nyingi huishia puani au katika mirija ya juu. Habari hiyo inatuliza, ila neno "nzima" halipaswi kupitwa haraka, na nitalirudia.

Unyuzi ukishafika katika vifuko vya hewa, urefu nao unaanza kuwa na maana. Seli mlaji ina upana wa mikromita 10 hadi 20 hivi. Ikikutana na chembe ya mviringo iliyo ndogo kuliko yenyewe, huimeza yote na kazi ikaisha. Ikikutana na unyuzi mrefu kuliko mwili wake, hujaribu kuumeza, hushindwa kuumaliza, na hubaki wazi huku ikivujisha nje kemikali ambazo zilikusudiwa kumeng'enya kile ilichomeza. Kemikali hizo huunguza tishu za jirani na kuita seli nyingine za kinga, na pakazuka mchochota, yaani hali ya tishu kuvimba na kuwashwa. Mchochota wa siku chache hupona. Ule usiokoma huacha makovu, na pafu lenye makovu hukakamaa na kushindwa kutanuka.

Hapo ndipo uwezo wa unyuzi kudumu mwilini unapohesabika. Asbesto, madini yenye nyuzi yaliyotumika sana katika ujenzi, iliangamiza watu wengi kwa sababu ina sifa zote mbaya kwa pamoja: hupasuka kwa urefu ikazidi kuwa nyembamba, ni ndefu, na baadhi ya aina zake hukaa mapafuni kwa miongo bila kuyeyuka. Pamba ya kioo inayotumika kuzuia joto katika majengo inafanana nayo kwa umbo, lakini aina zake za kawaida huyeyuka na kukatika ndani ya mapafu. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizolifanya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2002, kuiondoa pamba hiyo katika kundi la vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani. Poliesta na nailoni kwa upande wa kudumu ziko karibu zaidi na asbesto, kwa kuwa mwili hauna nyenzo ya haraka ya kuzivunja. Kwa upande wa unene ziko mbali nayo. Anayezifananisha na asbesto bila kutaja sifa hizi mbili anapotosha, hata kama nia yake ni njema.

Sasa nirudi kwenye neno "nzima". Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba nyuzi sintetiki zinaweza kumwumiza binadamu haukutoka majumbani. Ulitoka katika viwanda ambamo nyuzi za nailoni hukatwa vipande vifupi sana, kisha hugandishwa kwa gundi juu ya kitambaa ili kukipa sura ya mahameli. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wa viwanda vya namna hiyo, kwanza Ontario nchini Kanada na kisha Rhode Island nchini Marekani, walianza kupatwa na kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi. Katika kiwanda cha Rhode Island, ripoti iliyochapishwa mwaka 1998 ilitaja wagonjwa 8 wa ugonjwa wa tishu za ndani za mapafu katika kundi la wafanyakazi 165, idadi iliyozidi mno ile inayotarajiwa kwa watu wa kawaida.

Fumbo lilikuwa kwamba nyuzi zilizokuwa zikikatwa zilikuwa nene kupita kiasi cha kufika katika vifuko vya hewa. Uchunguzi ulionyesha kuwa visu vya kuzunguka vilivyotumika, hasa vinapokuwa butu, havikukata nyuzi peke yake. Viliyeyusha na kuchana ncha zake zikatoa vipande vyembamba mno kama vibanzi, na vibanzi hivyo ndivyo vilivyovutwa hadi chini. Vumbi hilo lilipojaribiwa kwa panya, lilizusha mchochota mapafuni. Baadhi ya wafanyakazi walipata nafuu walipoacha kazi hiyo, na wengine ugonjwa haukuwatoka. Tangu hapo, unene wa unyuzi ulioandikwa na mtengenezaji haukutosha tena kuwa hoja ya usalama. Inabidi kuuliza pia unyuzi huo ukichakaa unakuwa nini.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1975 madaktari wa Ureno walikuwa tayari wameeleza wagonjwa saba wa mapafu waliokuwa wakifanya kazi na nyuzi za akriliki, poliesta na nailoni.

Ushahidi kutoka kwa watu wasio wafanyakazi wa viwandani ni wa aina nyingine. Mwaka 1998 watafiti wa Buffalo, Marekani, walichunguza vipande vya mapafu ya watu na kukuta nyuzi, za selulosi na za plastiki, katika asilimia 83 ya vipande visivyo na saratani na asilimia 97 ya vile vyenye saratani. Mwaka 2021 watafiti wa São Paulo walikuta plastiki katika mapafu ya maiti 13 kati ya 20. Mwaka uliofuata, nchini Uingereza, tishu zilizotolewa kwa watu hai wakati wa upasuaji zilionyesha plastiki katika sampuli 11 kati ya 13, na baadhi ya vipande, vilivyokuwa vikubwa kuliko watafiti walivyotarajia, vilikuwa katika sehemu ya chini kabisa ya mapafu.

Tafiti hizi zinajibu swali la kwanza, na kwa kiasi fulani la pili. Hazijibu la tatu. Ile tofauti ya asilimia 83 na 97 imetumiwa na wengine kama uthibitisho wa saratani, nami siikubali hoja hiyo. Uvimbe wa saratani hubadili muundo wa pafu na unaweza kuzuia njia za kulisafisha, hivyo nyuzi zaidi huenda zikawa zimekwama kwa sababu ya ugonjwa badala ya kuuleta. Zaidi ya hapo, maabara yenyewe imejaa nyuzi. Koti la mtafiti, hewa ya chumba na vifaa vya plastiki vinaweza kuchafua sampuli, na kwa sababu hiyo utafiti makini hufanya vipimo vya sampuli tupu, zisizo na tishu yoyote, sambamba na zile za mgonjwa. Msomaji anayekutana na namba kubwa na ya kutisha na atafute kwanza kama vipimo hivyo vilifanywa.

Tutazame sasa kiasi, kwani ndicho kinachopuuzwa zaidi. Chukua ile namba ya juu ya Paris, nyuzi 60 katika mita moja ya ujazo, theluthi yake ikiwa sintetiki: ni nyuzi 20. Kikomo cha kisheria cha asbesto mahali pa kazi nchini Marekani ni unyuzi 0.1 katika sentimita moja ya ujazo, na hiyo ni sawa na nyuzi 100,000 katika mita moja ya ujazo. Pengo kati ya 20 na 100,000 ni kubwa sana, na mtu angeweza kuufunga mjadala hapo. Lakini namba hizi mbili hazikuhesabiwa kwa jicho moja. Kikomo cha asbesto huhesabu nyuzi kuanzia urefu wa mikromita 5, ilhali kipimo cha Paris kiliishia kwenye mikromita 50, maana yake vyote vilivyokuwa vifupi zaidi havikuhesabiwa. Na ni hivyo vidogo ndivyo vyenye nafasi kubwa ya kufika chini. Katika utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa katika nyumba tatu za Aarhus, Denmark, kwa kutumia sanamu yenye joto la mwili inayovuta na kutoa hewa kama binadamu, vifaa viliweza kuona hadi mikromita 11. Vilipatikana vipande vya plastiki kati ya 1.7 na 16.2 katika kila mita ya ujazo, vingi vikiwa vya poliesta, na kwa wastani plastiki ilikuwa asilimia 4 tu ya chembe zote zilizotambuliwa. Nyingi ya zilizobaki zilikuwa za protini, kama vile ngozi inayobanduka, na za selulosi. Chini ya mikromita 10 au hapo karibu, njia ya kutambua plastiki kwa miale ya infraredi huanza kushindwa, na panahitajika mbinu nyingine zilizo za polepole na ghali zaidi. Kwa hiyo eneo lenye umuhimu mkubwa kiafya ndilo lililopimwa kidogo kuliko yote.

Maabara zimeanza kuziba sehemu ya pengo hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, waliotesha seli za mapafu zikajipanga kama vipande vidogo vya pafu, kisha wakaziweka pamoja na nyuzi za nailoni na za poliesta. Nailoni ilizuia seli changa kukua na kuwa utando kamili wa mirija ya hewa, na madhara yake yalihusishwa na kemikali zinazovuja kutoka ndani ya unyuzi. Poliesta ilikuwa na athari ndogo zaidi, na vipande ambavyo tayari vilikuwa vimekomaa havikuathirika vivyo hivyo. Hapa kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, "plastiki" si kitu kimoja, na kuzungumza kama ni kimoja huficha tofauti zenye maana. Pili, madhara yanaweza kutokana na kile unyuzi unachobeba, kwa sababu nguo na mazulia hutiwa rangi, dawa za kuzuia moto na dawa za kuzuia madoa, na mabaki ya vichocheo vya kiwandani kama madini ya antimoni hubaki ndani ya poliesta. Hata hivyo, kipande cha pafu katika sahani ya maabara hakikohoi, hakina mkondo wa ute, na hupewa kiasi ambacho si lazima kiwe kile cha chumbani.

Kwamba seli changa ndizo zilizoumia kunanifanya nifikirie watoto wachanga. Mapafu yao bado yanajengwa, huvuta hewa nyingi kulingana na uzito wao, na hutambaa sakafuni ambako nyuzi hutua na kuinuka tena kila anapopita mtu. Utafiti mdogo wa New York wa mwaka 2021 ulikuta katika kinyesi cha watoto wachanga kiasi cha poliesta kilichozidi mara kumi kile cha watu wazima. Wahusika walikuwa wachache mno kuweza kuwa kanuni, na nyingi ya plastiki hiyo yaelekea ilimezwa badala ya kuvutwa, lakini inaonyesha wazi ni nani anayeishi karibu zaidi na vumbi.

Shirika la Afya Duniani lilipopitia ushahidi wote mwaka 2022, kuhusu plastiki ndogo zinazoliwa na zinazovutwa, lilihitimisha kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kupima hatari kwa afya ya binadamu, na wakati huohuo likahimiza kupunguza watu wanavyokutana nazo. Naliona hitimisho hilo kuwa la haki. Kutotosha kwa ushahidi hakuna maana ya usalama uliothibitishwa, na magonjwa ya nyuzi yana tabia ya kuchelewa. Mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu inayoletwa na asbesto, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya mtu kuivuta.

Kupunguza kwenyewe si kugumu, na hakuhitaji kutupa nguo. Kufungua madirisha pale ambapo hewa ya nje ni safi hushusha idadi ya nyuzi zinazoelea. Kupangusa kwa kitambaa kibichi na kupiga deki huondoa vumbi, wakati ufagio mkavu huliinua tena na kulirudisha kwenye usawa wa pua. Kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, yaani chujio la kunasa chembe ndogo sana, hunasa kile ambacho mashine yenye mfuko wa kawaida huweza kukirusha upande wa pili. Blanketi na mazulia yakung'utwe nje. Chumba cha kulala kinastahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndimo mtu anamokaa saa nyingi mfululizo, uso ukiwa karibu na kitambaa.

Wanaohitaji tahadhari zaidi ya hizo ni wanaokata, wanaosuka, wanaoshona au kuchambua vitambaa sintetiki kwa saa nyingi kila siku katika vyumba visivyopitisha hewa. Kwao kiasi kinaweza kuwa karibu zaidi na kile cha kiwandani kuliko cha sebuleni, na kikohozi kikavu kisichoisha au pumzi inayokatika wakati wa kupanda ngazi haipaswi kuitwa mafua. Wamweleze daktari kazi wanayofanya na vitu wanavyoshika, hata asipouliza. Kule Rhode Island mgonjwa wa kwanza alionekana mwaka 1994 bila sababu ya ugonjwa wake kujulikana. Ilikuwa ni mwaka 1996, alipofika mgonjwa wa pili mwenye mapafu ya namna ileile, ndipo ilipogunduliwa kwamba wote wawili walitoka katika kiwanda kimoja.